Si kila mtoto anayeyumba ana matege

Mama mmoja, msomaji wa safu hii kutoka Morogoro, ameniandikia kuhusu binti yake wa miaka 8. Anasema mtoto alichelewa kidogo kutembea, na tangu aanze kutembea huyumba kulia na kushoto. Shuleni kwenye mchakamchaka huwa wa mwisho, na jioni hulalamika kwamba magoti yanauma. Ameshatumia dawa za matege, ameshatumia dawa za baridi yabisi, na hali ni ile ile. Mama mwenyewe ni mfupi na nyonga humsumbua akitoka shambani. Kaka yake, yaani mjomba wa mtoto, alianza kutembelea fimbo akiwa na miaka 35. Sasa mawifi wanasema tatizo limetoka upande wa mama. “Je, daktari, mwanangu ana ugonjwa gani, na kosa ni langu?”

Siwezi kumpima mtoto kwa barua. Lakini huyo mjomba aliyeshika fimbo akiwa na miaka 35 amenifanya leo nizungumzie ugonjwa wa kurithi wa mifupa na viungo ambao hupita katika familia kizazi hadi kizazi, kila mtu akipewa jina lake la ugonjwa. Bibi ataambiwa ana jongo, mjomba ataambiwa nyonga zimesagika, mtoto ataambiwa ana matege. Kumbe ni kitu kimoja.

UGONJWA WENYEWE

Kitaalamu unaitwa displasia ya epifisi nyingi. Epifisi ni ncha za mifupa mirefu, zile sehemu zinazokutana na mfupa mwingine kwenye kiungo kama nyonga, goti au kifundo cha mguu. Kati ya madaktari wa mwanzo kuueleza ni Thomas Fairbank wa Uingereza, mwaka 1935 na tena 1947, na Seved Ribbing wa Sweden mwaka 1937.

Ili kuuelewa, kumbuka kwamba mtoto hazaliwi na mifupa migumu kila mahali. Ncha za mifupa yake huwa ni gegedu, kitu laini na kinachoteleza kama kile unachokiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Kadiri anavyokua, katikati ya gegedu hilo hutokea kiini cha mfupa, nacho hutanuka taratibu mpaka ncha nzima inakuwa mfupa wenye umbo lake. Kichwa cha mfupa wa paja, kwa mfano, kinatakiwa kuwa duara kama mpira ili kizunguke ndani ya kikombe cha nyonga bila kukwaruza.

Kwa mwenye displasia hii, viini hivyo huchelewa kutokea, na vikitokea huwa vidogo na vyenye kingo zisizo sawa. Kichwa cha paja kinaishia kuwa bapa au chenye mabonde. Kiungo ambacho hakikuumbika vizuri husagika mapema, na maumivu ambayo wengine huyaanza wakiwa na miaka 60 au 70, yeye huyaanza akiwa na miaka 30 au 40, pengine hata kabla.

Chanzo ni hitilafu katika jeni. Ile inayopatikana mara nyingi iko kwenye jeni liitwalo COMP, ambalo uhusiano wake na ugonjwa huu uligunduliwa mwaka 1995. Jeni hilo hutoa maelekezo ya kutengeneza protini moja ya gegedu. Maelekezo yakiwa na kasoro, protini hutoka ikiwa imekunjamana vibaya, inakwama ndani ya seli za gegedu badala ya kutoka kwenda kufanya kazi yake, na seli hizo hufa kabla ya wakati. Yapo majeni mengine kadhaa yanayoweza kuleta hali hiyo hiyo, kama MATN3 na yale ya kolajeni ya aina ya tisa.

Ugonjwa huu ni wa nadra. Makadirio yanayotajwa na wataalamu ni kati ya mtu 1 kwa kila watu 10,000 na mtu 1 kwa kila watu 20,000. Ukichukua hilo la chini na idadi ya Watanzania milioni 61.7 waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2022, unapata takriban watu 3,000. Hao ni wengi, na ukikaa kliniki ya mifupa utakutana na mmoja wao bila kujua.

DALILI ZAKE

Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Uso wake ni wa kawaida na akili yake ni timamu kabisa. Dalili huanza kuonekana kati ya umri wa kuanza kutembea na miaka ya mwisho ya shule ya msingi.

Jambo la kwanza ambalo wazazi huliona ni mwendo wa kuyumba kama bata. La pili ni kuchoka haraka. Mtoto anaomba kubebwa wakati wenzake wa umri huo wanatembea wenyewe, au anakaa chini njiani akitoka shule. La tatu ni maumivu ya nyonga, magoti au vifundo vya miguu, hasa baada ya kukimbia au kutembea umbali mrefu. Akipumzika hupata nafuu.

Kimo chake huwa kifupi kidogo kuliko cha wenzake, lakini si kifupi kiasi cha kushangaza watu. Mikono na miguu inaweza kuwa mifupi ukilinganisha na kiwiliwili, na vidole vikawa vifupi na vinene. Baadhi magoti yao hugusana au hupinda kuelekea nje. Uti wa mgongo mara nyingi hauguswi sana.

Nisisitize jambo moja ambalo hupoteza muda wa wengi. Maumivu ya nyonga mara nyingi husikika kwenye goti, kwa sababu neva zinazohudumia sehemu hizo mbili zinahusiana. Mtoto anashika goti, goti linapigwa picha, picha inaonekana haina tatizo kubwa, familia inarudishwa nyumbani. Mtoto anayelalamika goti ni lazima nyonga zake nazo zichunguzwe.

KWA NINI HUCHANGANYWA NA MAGONJWA MENGINE

Matege yanayotokana na upungufu wa vitamini D au kalisiamu ndiyo ya kwanza kushukiwa, na ni haki yashukiwe kwa sababu yanatibika. Lakini kwenye matege vipimo vya damu hubadilika, na picha ya kifundo cha mkono huonyesha sehemu ya ukuaji ikiwa imetanuka na kuchakaa. Mwenye displasia damu yake ni ya kawaida. Kumwongezea kalisiamu chupa baada ya chupa hakutabadilisha umbo la nyonga.

Baridi yabisi ya watoto nayo ina alama zake: viungo huvimba na kupata joto, na mtoto huamka asubuhi akiwa amekakamaa, kisha hulegea kadiri anavyojongea. Kwa mwenye displasia ni kinyume. Asubuhi yuko afadhali, jioni baada ya pilika za kutwa ndipo anaumia.

Selimundu inaweza kuharibu kichwa cha mfupa wa paja, na kwa mazingira yetu kila mtoto mwenye maumivu ya mifupa apimwe. Kifua kikuu cha nyonga kwa kawaida hushika upande mmoja, kikiambatana na homa, kupungua uzito na maumivu ya usiku. Upungufu wa homoni ya tezi ya shingoni, thairoidi, unaweza kutoa picha ya nyonga inayofanana sana na ya displasia, na huo una dawa. Kwa hiyo kipimo cha homoni hiyo kisikosekane.

Uko pia ugonjwa wa Perthes, ambapo kichwa cha paja hukosa damu kwa muda na kubonyea. Huo hupenda wavulana wa miaka 4 hadi 8 na mara nyingi hushika upande mmoja. Hata ukishika pande zote mbili, kwa kawaida upande mmoja hutangulia mwingine. Mtoto akionekana na “Perthes” ya nyonga zote mbili zikiwa katika hatua moja, daktari anapaswa kusimama na kufikiria displasia.

Kwa wasomaji wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, kuna jambo jingine, nalo ni madini ya floridi kwenye maji. Yakizidi huyafanya meno kuwa ya kahawia, na yakizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa na kupindisha miguu ya watoto. Namna rahisi ya kuanza kutofautisha ni kuangalia majirani. Watoto wa kijiji kizima wakiwa na meno ya kahawia na miguu iliyopinda, chunguzeni kisima. Tatizo likiwa ndani ya ukoo mmoja huku majirani wanaochota maji hayo hayo ni wazima, fikirieni urithi.

SWALI LA UKOO, KISHA PICHA

Uchunguzi wa ugonjwa huu hauhitaji mitambo ya ajabu. Unaanza na swali ambalo halina gharama: katika ukoo wenu, nani alishika fimbo kabla ya miaka 40? Nani alikuwa anayumba tangu utoto? Uliza kwa bibi na babu wa pande zote mbili, maana wao ndio wanaokumbuka.

Baada ya hapo ni picha za eksirei. Picha iwe ya nyonga zote mbili kwa pamoja, na magoti yote mawili, na ikiwezekana mikono na vifundo vya miguu. Ugonjwa huu hushika viungo vingi, na hushika kulia na kushoto kwa kufanana. Picha ya goti moja haiwezi kuonyesha hilo. Pakipatikana daktari wa mifupa au wa radiolojia mwenye uzoefu, picha hizo pamoja na historia ya ukoo kwa kawaida hutosha kutoa jibu. Kipimo cha jeni husaidia pale picha zinapoacha utata, lakini kukikosa kusiwe sababu ya kuchelewa kumhudumia mtoto.

JE, NI KOSA LA MAMA?

Hapana, wala si kosa la baba. Kwa aina nyingi za ugonjwa huu, mzazi mmoja mwenye hitilafu anatosha kuurithisha, na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 50. Ni kama kurusha sarafu kila mara upya. Mtoto wa kwanza akiwa nao, haimaanishi wa pili amesalimika. Mtoto wa kike na wa kiume wana uwezekano sawa, na baba anarithisha kama mama anavyorithisha.

Wakati mwingine hitilafu hutokea kwa mara ya kwanza kwa mtoto huyo, na wazazi wote ni wazima. Hapo hakuna ukoo wa kuulaumu.

Iko pia aina ambayo huhitaji hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili. Kila mmoja ameibeba bila kuumwa, na wakikutana kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa. Aina hii hujitokeza zaidi pale ndugu wa damu wanapooana, kwa mfano watoto wa ndugu. Baadhi ya watoto hao huzaliwa na nyayo zilizopinda.

Hakuna chakula alichokula mama wala jembe aliloinua akiwa mjamzito lililosababisha haya. Mawifi wa Morogoro wanisome hapo mara mbili. Ndoa zimevunjika kwa maneno haya, na mtoto aliyehitaji wazazi wawili wa kumpeleka kliniki akabaki na mmoja.

MATIBABU

Hakuna dawa ya kurekebisha jeni hili, na anayekuuzia unga au mafuta ya “kurudisha gegedu” anakula fedha yako. Lengo la matibabu ni kufanya nyonga na magoti yadumu miaka mingi iwezekanavyo huku mtoto akiishi maisha yake.

Uzito ndilo jambo la kwanza. Katika kutembea kwa kawaida, kila hatua huibebesha nyonga mzigo unaokaribia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kilo 5 za ziada kwa mtu mwingine ni suala la nguo kubana, lakini kwa mwenye displasia ni mzigo wa kilo 10 hadi 15 zaidi kwa kila hatua.

Pili ni mazoezi, na hapa wazazi wengi hukosea kwa kumkalisha mtoto kabisa. Misuli ikilegea, kiungo hubeba mzigo peke yake. Anachotakiwa kuepuka ni kuruka, kukimbia masafa na michezo ya kugongana. Kuogelea na kuendesha baiskeli kwenye njia tambarare vinafaa, kwa kuwa hujenga misuli bila kugongesha mifupa. Mtaalamu wa fiziotherapia atawafundisha mazoezi ya nyonga na mapaja ya kufanya nyumbani.

Tatu ni dawa za maumivu. Parasetamoli hutumika kwanza. Ibuprofeni au diklofenaki zinaweza kutumika kwa siku chache kwa ushauri wa daktari, lakini zikitumiwa kila siku kwa miezi huumiza tumbo na figo. Kaeni mbali na prednisoloni na deksamethasoni zinazochukuliwa dukani bila cheti. Steroidi hazitibu ugonjwa huu, na zikitumiwa muda mrefu zinaweza zenyewe kuua kichwa cha mfupa wa paja.

Nne ni upasuaji kwa wanaouhitaji. Magoti yanayogusana au kupinda sana yanaweza kunyooshwa kwa kufunga vibati vidogo pembeni mwa sehemu ya ukuaji, ili upande mmoja usubiri mwingine. Njia hiyo hufanya kazi wakati mtoto bado anakua tu. Ukimleta akiwa na miaka 18, kinachobaki ni kukata mfupa na kuupanga upya. Ndiyo maana mtoto aonwe na daktari wa mifupa angalau mara moja kwa mwaka, hata kama haumwi.

Mtu mzima ambaye nyonga zimeshasagika anaweza kuwekewa nyonga bandia. Upasuaji huo unafanyika hapa nchini, ikiwamo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Nyonga bandia nayo huchakaa, kwa hiyo daktari atapima umri, maumivu na kazi ya mgonjwa kabla ya kuamua. Lakini mtu wa miaka 38 asiyeweza kulala kwa maumivu hana sababu ya kuambiwa asubiri mpaka azeeke.

SHULENI NA NYUMBANI

Mtoto mwenye displasia akiachwa kwenye mchakamchaka na kubeba ndoo za maji, viungo vyake vinalipa gharama hiyo miaka 20 baadaye. Na akichapwa kwa sababu amechelewa au kwa sababu “mvivu”, anajifunza kuficha maumivu. Mwombeni daktari barua kwa mwalimu mkuu ikieleza wazi kwamba mtoto asikimbie wala asibebe mizigo, aruhusiwe kuanza safari ya darasani mapema, na asipewe adhabu ya kupiga magoti au kuchuchumaa. Asiondolewe kwenye michezo yote. Apewe kazi ya kutunza muda, kuhesabu mabao au mchezo wa bao wenyewe.

Choo cha kuchuchumaa ni mateso kwa nyonga zisizokunjika. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, ambacho fundi wa mtaani anaweza kukitengeneza, humaliza tatizo hilo. Kwa ibada, anayeshindwa kusujudu au kupiga magoti aswali au asali akiwa amekaa kwenye kiti. Masheikh na mapadri wanalielewa hilo ukiwaeleza.

Mwanamke mwenye ugonjwa huu anaweza kubeba mimba na kujifungua. Amwambie mkunga tangu hudhurio la kwanza kwamba nyonga zake hazifunguki vizuri, ili namna ya kujifungua ipangwe mapema.

Na mtoto anapokaribia kuchagua fani, mzungumze naye kwa uwazi. Elimu kwake ina uzito wa pekee, kwa kuwa kazi ya jembe, ya kubeba mizigo au ya kusimama kutwa itamwishia mapema. Fundi simu, mhasibu, mwalimu, mfamasia, hizo zote anaziweza.

USISUBIRI KLINIKI

Mtoto mwenye maumivu ya nyonga au goti apelekwe hospitali siku hiyo hiyo iwapo ana homa, hawezi kabisa kukanyaga, maumivu ni ya upande mmoja na yameanza ghafla, au anapungua uzito na kuamka usiku akilia. Hizo si dalili za displasia. Zinaweza kuwa za usaha kwenye kiungo, kifua kikuu au saratani ya mifupa, ambayo hayangoji.

Kwa mama wa Morogoro, na kwa yeyote aliyejiona katika barua yake: ombeni rufaa ya kumwona daktari bingwa wa mifupa ya watoto. Nendeni na picha zote za zamani, hata zile mlizoambiwa hazina tatizo, na muwe mmeandika kwenye karatasi majina ya ndugu wenye nyonga mbovu na umri walioanza kuumwa. Picha za utotoni zitunzwe mahali pakavu, zisitupwe. Nyonga ya mtu mzima ikishasagika, picha yake hufanana na ya kiungo kingine chochote kilichochakaa, na ni ile ya utotoni inayoweza kuonyesha kilichotangulia. Kama mjomba bado anayo yake, aje nayo.